Kuosha picha bila maji

Leo msimbo nauweka kando kidogo.

Miezi miwili iliyopita jamaa yangu wa Ruiru alinipigia simu. Huyu ni mtu anayepiga picha kwa kupenda tu, haziuzi. Wikendi utampata Fourteen Falls kule Thika akingoja jua lishuke, au kando ya barabara akiwinda matatu zenye michoro. Swali lake lilikuwa fupi: anunue kamera gani, na ahariri picha zake kwa programu gani? Akiba yake ilikuwa shilingi 30,000, na alikuwa tayari kukopa nyingine kwa simu ili apate kamera mpya.

Sikumjibu papo hapo, kwa sababu namjua. Wakati fulani alipakua Photoshop ya wizi, ile iliyovunjwa kufuli. Ikaja na mgeni. Faili zake zote zikafungwa, ukabaki ujumbe wa kudai dola. Miaka minne ya picha ikaenda, zikiwemo picha za mwisho za marehemu mamake. Kilichobaki nyumbani ni mkebe wa biskuti wenye negativi za miaka ya tisini. Basi nikamsimulia historia kwanza, na nanyi nawasimulia hiyo hiyo.

Tuanze na neno. Hapa kwetu mtu akienda kuchapisha picha zilizo kwenye simu, bado utamsikia akisema anaenda kuosha picha. Maji hayapo popote. Zamani yalikuwepo kweli, pamoja na dawa na chumba cha giza. Filamu ya nyeusi na nyeupe mwenye studio aliweza kuiosha mwenyewe, kisha akachapisha kwenye karatasi chini ya taa nyekundu. Filamu ya rangi ikavuruga mpango huo. Mchakato wa C-41, ambao Kodak iliuleta mwaka 1972, unataka dawa yenye joto la karibu nyuzi 38, na ukikosea kidogo rangi zinapotoka. Mpiga picha wa mji mdogo akageuka tarishi: anapiga, anapeleka filamu maabara, anarudi na bahasha. Waulizeni wazazi wenu. Unalipa nusu, unangoja picha zote 36 ziishe kwenye filamu, halafu unaambiwa urudi wiki ijayo.

Kodak ndiyo iliyokuwa imewazoesha watu kutenganisha kupiga na kuosha. Brownie yake ya mwaka 1900 iliuzwa dola 1, kisanduku tu chenye lenzi. Usikicheke. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alianza na Brownie akiwa kijana wa shule, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikaitikisa dunia.

Na kuhariri je? Wengi hudhani kulianza na kompyuta. Nendeni Lamu. Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alikuwa na studio yake huko, Bakor Studio. Alijifunza kazi mwenyewe, na akawa anaunganisha picha mbili au zaidi ziwe moja, mtu akatokea mahali ambapo hajawahi kusimama. Leo tungesema anatumia matabaka. Matabaka yenyewe yalifika Photoshop mwaka 1994, mwaka mmoja baada ya Bakor kufariki. Mzee alifanya yote kwa mikono, na akikosea hakuna Ctrl+Z.

Hata hiyo Photoshop ilizaliwa karibu na chumba cha giza. Profesa Glenn Knoll wa Chuo Kikuu cha Michigan alikuwa nacho nyumbani, na wanawe Thomas na John wakakulia humo. Mwaka 1987 Thomas, akisomea shahada ya uzamifu, aliandika programu ndogo ya kuonyesha picha zenye vivuli vya kijivu kwenye Macintosh Plus, mashine ambayo skrini yake ilijua nyeusi na nyeupe tu. John, aliyekuwa akifanya kazi Industrial Light & Magic, watu wa madoido ya Star Wars, akamhimiza aikuze. Adobe ikatoa toleo la 1.0 Februari 1990, kwa Macintosh peke yake. Ukifungua Photoshop leo utaona vifaa viwili, kimoja chenye alama ya kijiti na kingine cha mkono. Hivyo ni vitendo vya chumba cha giza: kuzuia mwanga kwa kijiti ili sehemu ipauke, na kuupitisha katikati ya vidole ili sehemu ikolee.

Mwaka 2013 Makumbusho ya Historia ya Kompyuta kule California ilitoa hadharani msimbo wa toleo la 1.0.1. Ni faili 179, mistari kama 128,000, mingi ikiwa ya Pascal. Nimeipitia. Ni safi kuliko msimbo mwingi ninaoandika mimi, na hilo linaniuma kidogo.

Mwaka huo huo Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatalipiwa kila mwezi. Kwa mtu anayepiga picha kwa kupenda tu, hilo ni deni lisilo na mwisho, na hapo ndipo wengi hukimbilia zile zilizovunjwa kufuli. Njia nyingine ilikuwepo. Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Berkeley, walianza kuandika GIMP mwaka 1995 na kuitoa bure mwaka uliofuata. Ila kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, huku kwetu ilikuwa rahisi kununua CD iliyonakiliwa kuliko kupakua kitu halali. Tabia hiyo imebaki, ingawa sababu yake imeondoka.

Shujaa wangu ni mwingine, Dave Coffin. Kampuni za kamera zilificha mpangilio wa faili ghafi, yaani data ya sensa kabla kamera haijaigeuza kuwa JPEG. Mwaka 1997 Coffin alianza kuandika dcraw, faili moja la lugha ya C la kuzisoma, akavunja siri moja baada ya nyingine. Bila kazi ya aina hiyo tusingekuwa na RawTherapee.

Kamera nitazipitia haraka. Steven Sasson wa Kodak aliunda ya dijitali mwaka 1975, ya megapikseli 0.01, iliyotumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Mwaka 2003 Canon EOS 300D, ya megapikseli 6.3, ikashusha bei ya kamera za lenzi za kubadilisha hadi chini ya dola 1,000. Lakini tarehe zilizomfaa jamaa yangu ni za mdomo wa lenzi. Wa Nikon F ni wa mwaka 1959, wa Canon EF wa mwaka 1987. Mwaka 2018 kampuni zote mbili zilileta midomo mipya, na tangu hapo watu wanauza vifaa vya zamani vilivyo vizima kabisa. Nikamwambia asikope. Atafute DSLR ya mtumba na lenzi ya milimita 50, na kabla ya kulipa apige ukuta mweupe kwa f/16 aone kama sensa ina madoa. Akapata, na chenji ikabaki.

Ndipo akaja kwangu Thika na ule mkebe.

Negativi ya rangi ina utando wa chungwa. Ukigeuza rangi tu unapata picha ya samawati mbaya, kwa hiyo lazima kwanza utando upimwe na kuondolewa. darktable, programu huria iliyoanzishwa na Johannes Hanika mwaka 2009, ilipata kifaa cha kazi hiyo katika toleo la 3.2 mwaka 2020, kinaitwa negadoctor. Unakionyesha ukingo wa filamu usio na picha, kinajua chungwa lake, kisha unarekebisha kivuli na mwanga. Tuliweka tableti yenye skrini nyeupe chini, plastiki nyeupe ya kutawanya mwanga juu yake kidogo ili pikseli zisionekane, negativi, halafu kamera kwenye miguu mitatu ikitazama chini. Faili ghafi, si JPEG.

Ya kwanza ilitoka saa tatu usiku. Mamake amesimama mbele ya pazia la studio lililochorwa maua, mkoba mkononi, umri kama wetu sisi. Jamaa yangu aliniomba nisiguse rangi tena.

Zimebaki 71. Nakala ziko kwenye diski mbili, moja kwake Ruiru na nyingine hapa kwangu, na mkebe umerudi kabatini.