Kondoo na Neno "Nchi Tupu" katika Bonde la Ufa

Katika habari za walowezi wa Kizungu walioingia nyanda za juu za Kenya, kuna neno moja likaririwalo mara nyingi: kwamba waliikuta nchi tupu. Neno hilo ndilo lililohalalisha ugawaji wa ardhi. Yafaa tulipime kwa kipimo kisichotumiwa sana, nacho ni kondoo.

Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria mwezi wa Desemba 1901, nayo ilikuwa imekula fedha nyingi. Serikali ya Himaya ilitaka mizigo ya kuilipia, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1902 ikawafungulia walowezi mlango wa kukodishwa ardhi kwa miaka 99. Sufu ilionekana bidhaa ifaayo. Haiozi njiani, thamani yake ni kubwa kwa uzito wake, na Australia na New Zealand zilikuwa zimekwisha kutajirika kwayo.

Ni kweli kwamba msafiri wa siku zile aliweza kupita sehemu za Bonde la Ufa asione boma. Lakini sababu yajulikana. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, ndui na njaa zikaua watu, na Wamasai wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Mtu aliyetoka nyumbani kwa msiba hakuihama nyumba yake. Zaidi ya hayo, mfugaji huacha malisho makusudi ili majani yapate kuota tena. Mgeni aonapo pori, mwenyeji huona akiba.

Mwaka 1903 Lord Delamere alipata kiasi cha ekari 100,000 huko Njoro. Aliagiza kondoo kutoka ng'ambo, miongoni mwao Merino, akawapandisha madume ya kigeni kwa majike ya Kimasai. Nia ilikuwa kizazi chenye sufu ya baba na ustahimilivu wa mama, kwa maana kondoo wa Kimasai ana manyoya mafupi tu, asiye na sufu ya kuuza, lakini ameizoea nchi. Wataalamu wa siku zetu wamethibitisha kwamba kondoo mwekundu wa Kimasai huwashinda minyoo wa tumbo wanaowaua kondoo wa kigeni.

Hata hivyo Njoro haikufaa. Kondoo walikonda na kufa katikati ya majani mengi, kwa kuwa udongo ulipungukiwa na madini ambayo mnyama hawezi kusitawi bila ya kuyapata. Wamasai walikuwa wakiyaepuka malisho hayo tangu zamani. Delamere akahamishia mifugo yake Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita, na huko kondoo wake wakastawi. Lakini Soysambu ilikuwa sehemu ya malisho ambayo Wamasai walikuwa wameondolewa.

Maana mwezi wa Agosti 1904, Kamishna Sir Donald Stewart aliandikiana mkataba na laiboni Olonana na wazee wenzake. Wamasai waliliacha Bonde la Ufa, wakagawanywa sehemu mbili, kusini mwa reli na kaskazini huko Laikipia, kwa ahadi kwamba nchi hizo zitakuwa zao maadamu kabila lao lipo. Ahadi hiyo haikutimiza miaka saba. Laikipia nayo ilitamaniwa na walowezi, na mkataba wa Aprili 1911 ukawaamuru Wamasai wa kaskazini kuhamia kusini. Waliokataa walifungua kesi, nayo ikatupwa mwaka 1913. Mahakama ilisema kwamba mapatano yale ni mkataba baina ya dola na watu wa kigeni waliomo katika himaya, kwa hiyo si jambo la mahakama. Hivyo Mmasai alihesabiwa mgeni katika nchi aliyozaliwa.

Sasa tulirudie neno letu. Kama nchi ilikuwa tupu, majike yale yalitoka wapi? Ni nani aliyewachagua kwa vizazi vingi hata wakaweza kustahimili minyoo na ukame? Na ni nani aliyejua kwamba majani ya Elmenteita hulisha na ya Njoro huua? Nchi yenye kundi, mchungaji na elimu ya malisho si tupu. Iliyokuwa tupu ni daftari ya serikali, ambayo haikuwa na safu ya kuandikia haki ya mfugaji.

Mwanafunzi wa historia asomapo mikataba ya 1904 na 1911 ataona sahihi na alama, naye aweza kudhani kwamba hoja yote imo humo. Na atazame pia mazizi. Kila kondoo chotara aliyenyolewa sufu Soysambu alibeba sehemu ya damu yake kutoka katika zizi la Mmasai, na huo ni ushahidi ambao hakuna mahakama iliyouomba.