Fuawe la Karagwe na Kiti cha Rubani

Mwaka 1861 Speke alifika Karagwe, akakaribishwa na Omukama Rumanyika. Katika hazina ya watawala wa huko mlikuwamo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, na mafuawe ya heshima. Ufuaji haukuwa kazi ya kubahatisha: kijana huanza kwenye mivukuto, nyundo huja baadaye sana.

Nalikumbuka fuawe hilo kila nisikiapo kwamba shirika la ndege latafuta marubani wapya. Ndege hununuliwa kwa hati na fedha. Rubani hafuliwi hivyo. Hana budi kutimiza saa 200 angani, au 150 katika mafunzo maalumu, ndipo apate leseni ya biashara. Na leseni ya juu, ile ya nahodha wa ndege kubwa, hudai saa 1,500. Tena kila aina ya ndege ina mafunzo yake.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946, na kwa muda mrefu usukani ulikuwa mikononi mwa wageni. Jumuiya ikatambua kasoro hiyo, na mwaka 1971 chuo cha urubani kikafunguliwa Soroti, Uganda. Hapo ndipo Mwafrika alipopewa nyundo. Lakini mwaka 1977 shirika lilikufa, na Jumuiya ikavunjika. Tanzania iliunda shirika lake mwezi Machi mwaka huo huo. Chuo kikabaki Soroti. Mwaka uliofuata majeshi ya Amin yaliivamia Kagera, na mpaka ule uliopakana na Karagwe ukawa mpaka wa vita. Ndege waweza kugawana, shule haigawanyiki. Kwa maoni yangu hasara hii ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa, ingawa haitajwi sana.

Mwaka 2016 Air Tanzania ilipokea ndege mbili za Q400, na mwaka 2018 zikafuata Boeing 787 na Airbus A220: aina tatu, mafunzo matatu. Kila ndege iliyoongezwa iliita marubani zaidi, kwani rubani naye hupangiwa saa za kupumzika kwa sheria.

Msafiri wa Kayanga, au wa Nkwenda katika Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, hushuka kwa barabara hadi Bukoba, ambako uwanja umekaa ukingoni mwa ziwa. Q400 ina viti 76 vya abiria. Viwili vya mbele havikatiwi tiketi.