Elimu ya Njiani: Jinsi Maarifa Yalivyotunzwa katika Misafara ya Unyamwezi

Usoke i magharibi ya Tabora, kwenye reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Unyanyembe kwenda Ujiji ilipita nchi hizi kwa miguu. Wapagazi walio wengi hawakujua kusoma. Hata hivyo iliwapasa kukumbuka mito, visima, siku za mwendo, na hongo ya kila mtemi. Mwaka 1871, Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, msafara wa Stanley ulilazimika kuzunguka upande wa kusini. Siku kama hizo, aliyejua njia moja tu hakuwafaa wenzake.

Wengi wetu tufundishao hudhani kwamba watu wa kale walihifadhi mambo kwa kuyarudia-rudia tu. Habari za Susi na Chuma zaonyesha vingine. Hao walifuatana na Daktari Livingstone katika safari yake ya mwisho, iliyoanza mwaka 1866. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, karibu na Tabora, miezi kadhaa akingoja wapagazi kutoka pwani. Alipofariki katika kijiji cha Chitambo, Mei 1873, wao na wenzao waliuchukua mwili wake mpaka Bagamoyo.

Mwaka 1874 Susi na Chuma walifika Uingereza. Huko Horace Waller alikuwa akiyatengeneza madaftari ya marehemu yapate kupigwa chapa, akakaa nao miezi minne akiwauliza. Alistaajabu kuona jinsi walivyozijua nchi. Mara moja alipotatizwa na habari za mito fulani, Susi alikwenda zake, akarudi baada ya saa chache na ramani aliyoichora mwenyewe. Waller akailinganisha na ile ya Daktari, akaona zapatana.

Waliyapataje maarifa hayo? Waller aeleza kwamba kila walikopita walimsaidia bwana wao kuwauliza wenyeji habari za mito na nchi. Basi walijifunza kwa kuuliza, kwa kupita wenyewe, na kwa kumweleza mwingine. Hawakutwikwa mzigo uliokwisha fungwa. Waliufunga kwa mikono yao, wakajua kilichomo.

Hatusemi kwamba kalamu haina kazi. Jacob Wainwright, aliyesomeshwa Nasik katika India, ndiye aliyeandika orodha ya vitu vya marehemu na kuchonga maandishi katika mti pale Chitambo. Kalamu hulitunza neno. Lakini kulikumbuka bila daftari ndiko kunakolitia mizizi. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili. Wanafunzi waliosoma tena na tena walishinda baada ya dakika tano. Lakini baada ya juma moja walishindwa na wale waliojaribu kukumbuka bila kutazama.

Yatupasa tulifikiri jambo hili. Mtoto aimbaye majina ya mito mpaka siku ya mtihani, kisha akayasahau, si lazima awe mvivu. Pengine hakuulizwa kwa wakati wake. Na afunge kitabu, auchore mchangani mto Ugalla ushukao kwenda Malagarasi, amweleze mwenzake. Juma likiisha, tumwulize tena. Kazi hii haitaki fedha wala vyombo. Yataka mwalimu anyamaze kidogo, mtoto apate kusema.