JKU na Mpira wa Vijana: Kuelekea Miaka Hamsini

Jeshi la Kujenga Uchumi, JKU, lilianzishwa Machi 3, 1977 ili kuwafunza vijana wa Unguja na Pemba kilimo, ufundi na nidhamu ya kazi. Mpira haukuwa ndiyo shabaha. Lakini anayeitazama Ligi Kuu ya Zanzibar leo ataona kwamba Serikali ya Mapinduzi imekuwa ikigharamia malezi ya wanasoka kwa miaka mingi bila ya kuyaita hivyo. KMKM, klabu ya kikosi cha kuzuia magendo, ilitwaa ubingwa mwaka 2022 na 2023. JKU wenyewe waliuchukua 2017 na tena 2024. Mafunzo ni ya magereza, Zimamoto jina lake linajieleza, KVZ ni ya Valantia. Wachezaji wao wengi ni askari walioajiriwa, na hapo ndipo siri ilipo. Kipaji cha Unguja aghalabu hakifi utotoni. Hufa kijana anapomaliza skuli na nyumbani wanamtaka alete riziki. Kikosi humpa mshahara na uwanja wa mazoezi kwa pamoja. Feisal Salum, Fei Toto, alitoka JKU mwaka 2018 akatua Yanga. Ibrahim Hamad, Bacca, alifuata njia hiyo hiyo mwaka 2022 akitokea KMKM.

Watakaopinga wana hoja mbili, na zote zina uzito. Ya kwanza: vikosi huvuna tu, kwani watoto hulelewa mitaani, katika mashindano ya madaraja ya vijana, yaani juvenile, junior na central, yanayoendeshwa kwa michango na kujitolea. Ni kweli, na ushahidi upo: Novemba 2023 Karume Boys, timu ya Zanzibar ya chini ya miaka 15, ilitwaa ubingwa wa CECAFA nchini Uganda kwa kuwashinda wenyeji kwa penalti. Lakini mkulima asiye na ghala hupoteza mavuno mema pia, na vikosi ndivyo vilivyokuwa ghala. Ya pili ni nzito zaidi: eti klabu za kiraia zimebanwa, maana nani atashindana na mshahara wa serikali? Malindi, iliyo ya kiraia, ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF mwaka 1995, na tangu hapo hakuna klabu ya visiwani iliyofika huko. Hata hivyo Mlandege, klabu ya kiraia ya mjini, ilibeba Kombe la Mapinduzi 2023 ikarudia 2024, mara hii ikiifunga Simba hapo hapo Amani, katika uwanja uliokuwa umetoka kukarabatiwa. Kwa hiyo kubanwa kupo, kuuliwa hakuna.

Kasoro yenyewe, kwa maoni yangu, iko katika jina. Fedha inayomlea mchezaji imo ndani ya matumizi ya kikosi, kwa hiyo hakuna anayeuliza imelea wangapi, wasichana wakiwa wangapi (ingawa JKU Princess wameiwakilisha Zanzibar katika CECAFA), wala mtoto wa Makunduchi anaingiaje. Machi 3, 2027 JKU itatimiza miaka 50. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanaokutana Chukwani waitumie siku hiyo kulitaka fungu la mpira wa vijana liandikwe kwa jina lake, lisomwe kila mwaka pamoja na bajeti.