Pim, Simbi na somo la tabianchi

Ukitoka Rongo kuelekea mji wa Homa Bay utapita Asumbi, mahali panapofahamika kote nchini kwa chuo chake cha walimu. Hoja yangu wiki hii inawahusu walimu: mabadiliko ya tabianchi yafundishwe vipi ili yaeleweke na kukumbukwa? Nadai kwamba mbinu ilikuwepo Nyanza kabla ya ubao na chaki.

Tuanze na neno lenyewe. Hali ya hewa ni mvua ya leo au jua la kesho. Tabianchi ni tabia ya nchi, na wanasayansi huipima kwa kipindi cha miaka 30 hivi. Sasa basi, tabia ya mtu haijulikani kwa siku moja. Anayeijua ni aliyeishi naye. Ndiyo maana wazee walikuwa hazina ya elimu hii.

Katika jamii ya Wajaluo wa zamani, wasichana walilala siwindhe, nyumba ya bibi kizee aliyeitwa pim. Huko ndiko walikosikiliza sigana, yaani hadithi. Mojawapo ya masimulizi mashuhuri ya eneo hilo ni la Simbi Nyaima, ziwa dogo la chumvi karibu na Kendu Bay. Ajuza mgeni alifika kijijini watu wakiwa kwenye sherehe, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkirimu. Usiku huo mvua ilishuka, kijiji kikazama. Aliyenusurika ni yule mkarimu aliyeonywa mapema.

Wanajiolojia wanatuambia kwamba Simbi ni kreta ya volkeno. Je, hadithi imekanushwa? Hebu tusiharakishe. Sayansi inaeleza shimo lilivyotokea. Hadithi inaeleza binadamu anavyopaswa kuishi na jirani, na kwamba onyo hupuuzwa kwa gharama. Ni kazi mbili tofauti.

Linganisha na mvua kubwa za 1961. Kati ya mwaka huo na 1964, Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Vipimo viliandikwa na kuhifadhiwa. Mwaka 2020 maji yalipopanda tena hadi kufikia kiwango cha 1964, familia nyingi za ufuoni zilihama, mashamba na nyumba vikamezwa. Takwimu zilikuwepo tangu zamani, lakini zilikaa kabatini. Kijiji cha Simbi kinajulikana na kila mtoto wa Karachuonyo. Mafuriko ya 1961, ambayo wazee waliyaona kwa macho yao, hayakupata sigana yenye nguvu kama hiyo. Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia.

Mfano wa kurekebisha hali hii hauko mbali. Huko Vihiga, ukoo wa Nganyi umesifika kwa kutabiri mvua kwa kuchunguza miti, wadudu na ndege. Miaka ya 2000 ilipokaribia kwisha, wataalamu wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa waliketi na wazee hao, wakalinganisha utabiri wao, kisha ujumbe wa pamoja ukawafikia wakulima kwa lugha yao. Mkulima aliyezoea kumwamini mzee akapata sababu ya kumsikiliza mtaalamu pia.

Lakini tahadhari! Sanaa isiwe pambo la kuremba ripoti, wala msanii asipewe ruhusa ya kupinda takwimu. Mtambaji na mtafiti waketi pamoja tangu mwanzo: mmoja alinde ukweli wa vipimo, mwingine aupe wahusika, wimbo na mahali panapojulikana.

Tayari uwanja upo. Tamasha za kitaifa za drama za shule zimekuwepo tangu 1959, na masimulizi ni mojawapo ya vitengo vyake. Mwalimu mtarajiwa wa Asumbi anaweza kuwatuma wanafunzi wake kwa babu na nyanya zao wakiwa na swali moja tu: mwaka 1961 maji yalifika wapi? Majibu yaandikwe, yalinganishwe na vipimo, kisha yatambwe jukwaani. Wazee waliokuwa na umri wa kukumbuka mwaka ule sasa wanakaribia miaka 70 au wameipita. Tukichelewa, tutabaki na kabati.