Michael Oliver

Michael Oliver (anajulikana pia kama Mike Oliver, 3 Februari 1945 – 2 Machi 2019) alikuwa mwanasosholojia wa Uingereza na mtetezi wa haki za watu wenye ulemavu.

Mwaka 1962 alivunjika shingo alipopiga mbizi kwenye bwawa la kuogelea, na tangu hapo alitumia kiti cha magurudumu. Baadaye alisoma katika Chuo Kikuu cha Kent, kisha akawa profesa wa masomo ya ulemavu katika Chuo Kikuu cha Greenwich.

Katika kitabu chake cha Social Work with Disabled People (1983) alieleza mtazamo wa kijamii wa ulemavu. Kwa mtazamo huo, mtu akishindwa kuingia shuleni kwa kiti chake, kikwazo ni ngazi, si miguu yake. Katika The Politics of Disablement (1990) alikosoa maswali ya utafiti wa serikali yaliyotafuta kasoro mwilini mwa mhojiwa, akayaandika upya ili yaulizie majengo, usafiri na huduma.

Vitabu hivyo hutajwa sana katika tafiti za elimu, sheria na ustawi wa jamii. Hata hivyo, si wote wanaomtaja wanaokubaliana naye. Jenny Morris na Tom Shakespeare walisema kwamba mtazamo huo unasahau maumivu na udhaifu wa mwili wenyewe. Oliver alijibu kuwa ni chombo cha kuleta mabadiliko, wala si nadharia ya kueleza kila kitu kuhusu ulemavu.