Mwambatano wa Mtoto na Mlezi

Mwambatano ni fungamano la kihisia linalomfanya mtoto mchanga amtafute mtu fulani, si yeyote tu, anapoogopa, anapougua au anapochoka. Nadharia yake iliasisiwa na daktari wa akili Mwingereza, John Bowlby, aliyetoa juzuu ya kwanza ya kazi yake kuu mwaka 1969. Neno upendo halitoshi kubeba dhana hii, maana mzazi aweza kumpenda mtoto ambaye bado hajamwambata. Mazoea nayo hayatoshi: mtoto huwazoea majirani wengi, lakini akishtuka hawakimbilii wao. Kuambata ni kushikamana na kitu, na umbo la kutendana katika mwambatano linakumbusha kuwa fungamano hili hujengwa na pande mbili.

Utafiti wa mwanzo ulifanyika Uganda. Mnamo 1954 na 1955, mtafiti Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 za Waganda vijijini karibu na Kampala, akaona watoto wakiwalaki mama zao kwa kupiga makofi. Baadaye, huko Baltimore, Marekani, alibuni kipimo: mtoto wa takriban mwaka mmoja huachwa kwa dakika chache katika chumba kigeni, kisha mama hurudi. Kinachopimwa hasa ni namna mtoto anavyompokea. Anayemwendea mama na kutulia huhesabiwa kuwa na mwambatano salama. Anayempa kisogo, wa kukwepa. Asiyebembelezeka, wa mashaka.

Tatizo ni kwamba chumba kile hakiwi na maana moja kila mahali. Huko Bielefeld, Ujerumani, ambako wazazi walitaka mtoto ajitegemee mapema, waliokwepa walikuwa wengi. Huko Sapporo, Japani, watoto ambao hawakuzoea kuachwa peke yao walilia bila kunyamazika. Kuwaita wote hao wenye kasoro ni kuwaonea.

Kwa Wagusii wa Kenya, mtoto husalimiwa kwa mkono. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, aliyenyoosha mkono kwa hamu alihesabiwa kuwa salama, ingawa hakukumbatia mtu. Jambo zito zaidi lilihusu walezi, ambao aghalabu ni dada wa mtoto: mwambatano na mama ulihusiana na hali ya lishe, na ule na mlezi ulihusiana na ukuaji wa akili. Nadharia inayomtazama mama peke yake ingelikosa hilo.

Mwaka 1988, uchambuzi wa tafiti 32 zilizotumia kipimo cha Ainsworth kutoka nchi 8 ulionyesha kuwa tofauti za mwambatano ndani ya nchi moja zilikuwa kubwa takriban mara moja na nusu kuliko zile za baina ya nchi.